Nitasemaje "aksanti Mungu" na dada yangu ameketi palepale?

BARUA

Bwana asifiwe, Mama.

Mimi ni baba wa watoto watatu, nina miaka 42, tunakaa Katoyi hapa Goma. Kanisani mimi ni shemasi. Jina la kanisa naliacha kwa sababu sina ugomvi nalo. Kinachonileta kwako ni jambo linalofanyika nyumbani kwangu kila jioni baada ya kula. Yeyote atakayelisikia atasema ni jambo zuri, lakini mimi limeshanishinda.

Nirudi nyuma kidogo. Nilikuwa nafanya kazi katika shirika moja la maji. Malori yetu yalijaza matangi kwenye kambi za waliohamishwa na vita, Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, na mimi nilikuwa msimamizi wa mabomba na foleni. Januari 2025 mambo mawili yalitupata kwa mpigo: Marekani ilisimamisha pesa za misaada, na mwisho wa mwezi huohuo vita vikaingia mjini. Februari kambi zikavunjwa, watu wakaambiwa waondoke. Kambi hakuna, malori ya nini? Tukaitwa, tukasaini karatasi, basi. Benki nazo zilikuwa zimefungwa, kile kidogo nilichokuwa nimeweka kikabaki humo ndani.

Tangu hapo nyumba inakula kwa mkono wa mke wangu. Anauza unga na maharagwe soko la Virunga. Anatoka kabla hakujapambazuka vizuri, anarudi miguu imevimba. Simlaumu kwa lolote, nataka uelewe hilo kwanza.

Siku zile za vita maji na umeme vilikatika, watu wakawa wanashuka ziwani na bidoni, yale madumu ya maji. Dada yangu mkubwa, ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki, alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana wa miaka 19. Risasi zilipotulia kidogo kijana alitoka na bidoni mbili. Aliyerudi ni jirani, na bidoni moja. Mwili tuliutafuta mpaka tukaupata, sitaandika tuliupata katika hali gani. Dada hana mume. Kodi ya nyumba ikamshinda, nikamleta kwangu. Analala chumba kimoja na binti zangu.

Sasa jambo lenyewe. Mke wangu alirudi kutoka semina ya wamama kanisani na daftari. Walifundishwa kwamba familia ikihesabu baraka zake kila siku, macho yanafunguka na milango inafunguka. Basi kila jioni, kila mtu anataja mambo matatu ya kumshukuru Mungu, na mke wangu anaandika. Mwanzoni ilikuwa raha. Mtoto wa mwisho alimshukuru Mungu kwa mbuzi wa jirani, tukacheka wote. Lakini mke wangu hufungua kila jioni kwa maneno yaleyale: "Aksanti Mungu kwa kutulinda sisi wote wa nyumba hii, hukuruhusu hata mmoja wetu apotee." Na dada yangu ameketi palepale, mkeka uleule.

Dada hasemi kitu. Zamu yake ikifika anasema "aksanti kwa uzima", kisha anainuka kukusanya sahani. Juzi binti yangu wa miaka 9 akamuuliza: "Shangazi, weye kila siku ni uzima tu?" Halafu akanigeukia mimi: "Papa, na yaya, Mungu hakumulinda?" Yaya, yaani mkubwa wake, ndivyo alivyomwita marehemu, kama mimi ninavyomwita dada. Sikuwa na jibu. Mke wangu akasema Mungu ana mipango yake, tufunge macho tuombe. Huko jikoni nilisikia sahani zimegongana, kisha kimya.

Mimi mwenyewe zamu yangu ikifika nadanganya. Nasema chakula, watoto, afya. Binti yangu anashika hesabu: "Papa, jana ulisema vilevile." Na mke akitaja pesa alizopata sokoni siku hiyo, natamani ardhi ipasuke inimeze. Kanisani mchungaji akisema "Mungu ni mwema" na watu wakiitika "kila wakati", mimi nainama najifanya nafunga kamba za viatu vya mtoto.

Nilimwambia mke wangu tupumzishe lile daftari kidogo. Alilia. Akasema: "Wakoma kumi waliponywa, akarudi mmoja. Unataka sisi tuwe wale tisa? Hiki kidogo tulicho nacho kikifungwa, utanilisha nini?" Tangu siku hiyo sijagusa tena hayo maneno.

Na sasa Januari inakaribia. Kanisa linaandaa ibada ya shukrani kwa ajili ya familia zilizopita salama. Nimewekwa kwenye orodha ya watakaotoa ushuhuda, maana mimi ni shemasi na nyumba yangu haikuguswa. Mke wangu ameshaweka dola 20 kwenye bahasha, na minervali, karo ya shule, ya mtoto wangu mkubwa haijalipwa. Dada atakuwa ameketi upande wa wamama, ananisikiliza nikisema jinsi Mungu alivyoilinda nyumba yangu.

Niliache daftari nionekane baba aliyepoa imani? Niendelee huku namchoma dada? Siku hiyo nisimame niseme nini? Na je, ni dhambi kukosa shukrani wakati watoto wangu wote watatu wako hai?

Papa wa Watatu, Goma


JIBU

Papa wa Watatu, amina, na pole sana kwa kufiwa. Pole hii ni yako wewe. Nasisitiza kwa sababu katika barua yote umemlilia dada, umemhurumia mke, umewawaza watoto, lakini hujasema popote kwamba yule kijana alikuwa mtoto wako pia. Kwetu mtoto wa dada si mtu wa mbali. Na nikifuata mpangilio wa mambo ulivyouandika, sioni ni siku gani ulipata kukaa chini ukalia. Ulikuwa unatafuta mwili, ukasaini karatasi ya kazi, ukahamisha vyombo vya dada, kisha daftari likaletwa na ukaambiwa utaje mambo matatu.

Nianze na moyo wako kabla ya daftari, kwa sababu kuna sentensi uliyoipitisha harakaharaka. Unasema mke akitaja pesa za sokoni unatamani ardhi ikumeze. Hapo dada hayumo. Ni wewe na mkeo, na ile kazi iliyoondoka pamoja na malori. Mwanamume aliyezoea kuwa yeye ndiye analeta, sasa kila jioni anasikia alicholeta mwenzake kikisomwa kwa sauti na kuandikwa. Mkeo anasema "aksanti Mungu", wewe unasikia "na wewe je?" Sidhani kama ndivyo anavyomaanisha, ila masikio yenye aibu yana tafsiri zake.

Naomba ujiulize, na usinijibu mimi: uchungu wako wa jioni ni kiasi gani wa dada, na ni kiasi gani wako? Huenda vyote viwili vipo na vyote ni vya kweli. Nauliza kwa sababu ukienda kwa mkeo ukasema "acha, unamuumiza dada yangu" wakati nusu ya maumivu ni yako, atahisi kuna neno limefichwa. Atapigana na wifi yake kwa vita visivyokuwa vyao. Nimeshaona nyumba zikiingia katika ugomvi wa mawifi hivyohivyo, na aliyeuanzisha ameketi pembeni anashangaa.

Kuhusu dada mwenyewe: umemuuliza? Umeona anakusanya sahani, umesikia zikigongana, ukahitimisha. Mimi pia ningehitimisha hivyo, sikufichi. Lakini aliyefiwa ana mambo mengi ndani. Pengine anainuka kwa sababu mikono inatafuta kazi. Pengine habari ya mbuzi wa jirani ndiyo inayompa pumzi kidogo kwa siku nzima, na ukiondoa jioni zile kwa ajili yake utakuwa umemnyang'anya. Au pengine kinachomchoma ni ile sentensi moja tu ya kufungulia, mengine yote anayaweza. Huwezi kujua ukiwa umekaa ng'ambo ya mkeka. Mtafute mkiwa wawili, anachagua maharagwe ya kesho, na wewe uchukue ungo uchague naye. Muulize: "Yaya, ile sala ya jioni unaionaje?" Kisha nyamaza. Akisema "hakuna shida", usiridhike mara moja, na usimsukume pia. Muulize na hili: angependa mtoto wake atajwe pale jioni, au bado hawezi kulisikia jina lake likitajwa mbele ya watu? Kuna mama anayetaka jina litajwe kila siku, na kuna mama ambaye jina likitajwa hagusi tena chakula. Dada yako ni yupi, ni yeye tu atakayekwambia.

Sasa mkeo. Nimeirudia ile sentensi yake: "Hiki kidogo tulicho nacho kikifungwa, utanilisha nini?" Wewe umeisikia kama kofi. Mimi naisikia kama hofu. Ni mwanamke anayebeba watu sita kwa mtaji ambao gunia moja likiloa au barabara moja ikifungwa umekwisha. Kwake lile daftari ndilo linalomwezesha kulala. Ukilichukua bila kumpa kitu kingine cha kushika, unamwacha na ile hofu peke yake usiku.

Hata hivyo ile habari ya wakoma, Luka 17, inafaa muisome tena pamoja, polepole. Ni kweli mmoja tu alirudi, tena Msamaria, na Yesu aliwaulizia wale tisa. Ila sioni mstari unaosema ukoma uliwarudia. Walikwenda zao wameponywa. Yesu alisikitika, lakini hakuyachukua aliyowapa. Mafundisho mengi ya siku hizi yanamfanya Mungu kama mwenye duka anayekopesha: ukichelewa kusema asante, anafunga daftari la mkopo. Aliyefundisha semina sijamsikia, pengine hakusema hivyo hata kidogo, pengine ni hofu ya mkeo ndiyo iliyoongeza. Usimhubirie haya. Hubiri kutoka kwa mume kwenda kwa mke aliyerudi sokoni na miguu imevimba halifiki mbali. Kuna jambo lingine linaloweza kufika: umewahi kumshukuru yeye? Si kupitia kwa Mungu, kwenye mkeka, mbele ya watoto. Yeye, ana kwa ana, maji ya moto yakiwa kwenye beseni la miguu yake. Katika yale matatu yako ya kila jioni umetaja chakula. Gunia lilibebwa na nani?

Ile sentensi yake ya kufungulia sasa. Katika Luka 18 kuna mtu aliyesali kwa shukrani safi kabisa: "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine." Alifunga, alitoa zaka, hakuomba hata kitu kimoja. Lakini ili shukrani yake isimame, ilibidi mtoza ushuru awepo kule nyuma wa kulinganishwa naye. Mkeo si Farisayo, na nakuomba usimfikishie mfano huu, maana hautasikika jinsi nilivyouandika. Hamdharau dada yako. Amemfungulia nyumba na analisha kinywa kimoja zaidi. Ila maneno yale, "hukuruhusu hata mmoja wetu apotee", yanasimama juu ya swali ambalo pengine hajajiuliza: hao "sisi" ni akina nani? Dada anapolala chumba cha binti zako, kula sufuria moja nanyi, kuosha sahani zenu, je, ni wa nyumba hii au ni mgeni? Kama ni wa nyumba hii, basi nyumba hii imepoteza mtu. Mwulize mkeo swali hilo la mwisho tu, kwa upole, mkiwa chumbani. Huenda sentensi ikajibadilisha yenyewe bila wewe kuigusa.

Unaniuliza uache au uendelee. Naona njia zaidi ya hizo mbili, na kila moja ina miiba yake.

Kuacha kwa muda kunawezekana. Watu waliofiwa wamepumzika ngoma, harusi na sikukuu tangu zamani, na hakuna aliyesema wamemkana Mungu. Ila kwenye nyumba yako, ninavyoiona, kuacha kutaandikwa kwa jina lako: Papa ndiye aliyeua sala. Mkeo ataendelea peke yake kwa siri, na mtoto wa mwisho atauliza mbuzi wake alikwenda wapi.

Kumruhusu dada asiwepo pia kunawezekana, mradi wazo litoke kwake. Likitoka kwenu, hata kwa huruma, atasikia ameambiwa aende jikoni.

Mnaweza pia kuipanua sala yenyewe, na hapa nakaa kidogo kwa sababu naona pana nafasi kubwa. Usiku aliosalitiwa Yesu alitwaa mkate, akashukuru. Usiku uleule, baada ya kutoka mezani, aliwaambia wenzake, "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa." Mtu mmoja, usiku mmoja, na yote mawili aliyasema kwa sauti mbele ya watu wake. Hakusubiri huzuni iishe ndipo ashukuru, na alipokwisha kushukuru hakujifanya huzuni haipo. Zaburi ya 13 ni fupi, mistari sita tu. Inaanza na "Ee Bwana, hata lini utanisahau", na inamaliza kwa kumwimbia Bwana kwa ukarimu wake. Ya 88 haifiki hata huko, inaishia gizani, na bado wameiacha ndani ya Biblia. Hata Paulo, aliyewaandikia Wathesalonike "shukuruni kwa kila jambo", katika barua hiyohiyo anazungumza na watu waliofiwa, na hawaambii wasihuzunike kabisa. Anawaambia wasihuzunike kama wasio na matumaini.

Kwa hiyo daftari linaweza kuwa na pande mbili. Upande mmoja aksanti, upande wa pili "hata lini?" Mwenye uchungu wa siku hiyo anauweka pale, mmoja tu, mfupi, na hakuna anayemjibu wala kumrekebisha. Hatari zipo. Watoto wadogo wanaweza kuogopa, na jioni zenu zikageuka matanga ya kila siku. Mkeo anaweza kusema huko ni kunung'unika kama Waisraeli jangwani. Akisema hivyo, usibishane kwa jeuri. Wale wa jangwani walikuwa wanasemana wao kwa wao juu ya Mungu na kutamani kurudi Misri, lakini wa Zaburi wanamwambia Mungu mwenyewe. Mwachie alifikirie.

Na kwa upande wako, kuna kitu unaweza kuanza hata kesho bila kubadilisha utaratibu wa mtu yeyote: taja moja badala ya matatu, na liwe la kweli. "Leo nashukuru kwa mvua iliyojaza pipa. Lingine leo sina." Mwambie mkeo mapema ili asiaibike mbele ya watoto. Binti yako anayeshika hesabu ataona tofauti mara moja, huyo hakosi kitu. Inawezekana siku nyingine hata hilo moja usilipate. Hapo utaona mwenyewe ni afadhali kusema au kunyamaza.

Swali la binti yako linahitaji jibu, maana mtoto wa miaka 9 akikosa jibu hujitungia lake, na mara nyingi hujitungia baya: kwamba yaya alikuwa mbaya, au kwamba Mungu anawapenda wao zaidi. Katika Luka 13 walimletea Yesu habari za watu waliouawa, naye akawakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Akasema hapana. Kwa nini wao, hakueleza. Wewe pia unaweza kumwambia mtoto maneno machache: yaya hakufanya kosa lolote, Mungu hakumchukia, sisi hatukupona kwa kuwa wema kuliko yeye, na kwa nini yeye, Papa hajui, Papa naye anamwuliza Mungu. "Mungu ana mipango yake" naona mngeliweka pembeni kwa sasa, angalau dada akiwa anaweza kusikia. Siwezi kusema si kweli. Lakini marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila neno, na ndiyo kazi nzuri pekee waliyoifanya. Walipofungua midomo kueleza mipango ya Mungu, mambo yakaharibika.

Tuje Januari. Kuna jambo linalonifariji katika Injili ya Marko. Yule aliyetolewa pepo, sura ya 5, aliambiwa aende nyumbani kwa watu wake awahubiri mambo makuu Bwana aliyomtendea. Yule mkoma wa sura ya 1 aliambiwa asimwambie mtu, apeleke tu sadaka yake kwa kuhani. Wote wawili walipona, na kila mmoja alipewa njia yake. (Mkoma hakutii, alitangaza kila mahali, lakini hilo ni lake.) Hivyo ukimwendea mchungaji ukaomba jina lako litolewe kwenye orodha, hujamnyima Mungu kitu. Watu watasema? Watasema. Shemasi akikataa ushuhuda, upande wa wamama na upande wa wababa watakuwa na la kuzungumza njia nzima mpaka nyumbani. Utapima mwenyewe kama una nguvu za kulibeba hilo.

Ukiamua kusimama, si lazima useme ile hadithi wanayoitegemea. Unaweza kusema kitu kama: "Namshukuru Mungu kwa watoto wangu watatu. Nyumba yangu haikupita salama, tulimzika mtoto wa dada yangu. Tuombeeni." Halafu ukaketi. Lakini maneno hayo ni ya dada yako kabla ya kuwa yako. Msomee nyumbani kwanza, na akikwambia "mwanangu usimtaje kule", basi usimtaje. Wala asishawishiwe na yeyote kwenda mbele kutoa ushuhuda wa nguvu alizopewa. Na ukikaa na mchungaji, mwulize pia kama waliofiwa wana nafasi yoyote katika ibada hiyo. Sidhani kama dada yako atakuwa peke yake upande ule wa wamama. Warumi 12:15 imeweka watu wa aina mbili kwenye mstari mmoja: "Furahini pamoja nao wafurahio, lieni pamoja nao waliao." Mchungaji wako anaijua. Labda anangoja tu mtu mmoja aseme.

Kuhusu dhambi, mimi si hakimu, na sitajifanya. Nitakwambia ninachokijua kwa kukaa na watu: mtu akipoteza kazi na mtoto kwa mwezi mmoja, mara nyingi moyo hufa ganzi kwa muda, na ganzi haichagui, inakaa juu ya huzuni na juu ya furaha vilevile. Huwezi kuisikia shukrani kwa sababu husikii kitu. Kama hulali, kama chakula hakipandi, kama unajikuta unakasirikia watoto bure, nenda kituo cha afya uulize kama wana mtu wa kuzungumza naye, wale wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii wanaoitwa APS. Dada pia, na zaidi ukiona ameacha kula au anasema hana sababu ya kuamka. Kumwomba Mungu na kwenda kule havigombani.

Imebaki bahasha. Walawi 7 inasema nyama ya sadaka ya shukrani iliwe siku ileile, isibaki hata asubuhi. Fikiria nyama ya mnyama, familia moja, siku moja. Ilibidi waite watu. Nikiisoma najiuliza kama dola 20 zinaweza kwenda kanisani zote, au nusu, au kama chungu kimoja cha sombe (majani ya muhogo) na sambaza (samaki wadogo wa ziwani), mkila na majirani waliofiwa, kinaweza kuhesabiwa humo. Minervali nayo ipo, na mtoto kurudishwa nyumbani na shule si jambo la kupuuza. Mtajadiliana. Ila pesa hizo zimetoka sokoni, kwa hiyo nadhani mkeo ndiye wa kusema kwanza, na wewe usikilize mpaka amalize.